Ayari wa Gemu na Kufuli Tatu za Samuye

"Kijana mwenyewe amekiri kwamba ni mwizi." Sentensi hiyo ilitamkwa chini ya mti, mbele ya mkutano wa kijiji, katika kata ya Samuye, wilaya ya Shinyanga. Aliyeitamka ni mzee ninayemheshimu, mwalimu mstaafu aliyenifundisha kusoma. Kijana aliyezungumziwa ana umri wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Shauri lilikuwa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, zilizokutwa zimepungua siku sanduku lilipofunguliwa. Ushahidi ulikuwa mmoja tu: kijana aliwahi kuwaambia wenzake kwamba kwenye gemu analocheza yeye ni mwizi, na kwamba kazi yake humo ni kufungua makufuli.

Nilikuwapo. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwa siku nne, nikajikuta nimekaa kwenye benchi la wazee kwa sababu ya shahada yangu, na sikupewa nafasi ya kusema hadi mwisho kabisa. Ninayoyaandika leo ni yale niliyopaswa kuyasema mwanzoni.

Kabla ya yote nikiri langu. Mwizi yule wa kwenye gemu ni wangu kabla hajawa wa mpwa wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kumjenga mhusika huyo, kwenye kompyuta yangu kuukuu niliyomwachia, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlipia ada ya mwezi. Nilianza kulicheza gemu lenyewe, World of Warcraft, nikiwa masomoni, katika majira ya baridi ambapo jua lilizama saa kumi jioni na hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Wapo wanafunzi wangu watakaolisoma hili na kucheka. Wacheke. Wapo pia wakuu wa idara watakaoona kwamba msomi wa umri wangu amejivunjia heshima, na hao ndio hasa ninaowaandikia.

Maana kauli ya yule mzee haikuota chini ya mti. Miezi michache kabla, kwenye mahafali ya shule moja ya jirani, mgeni rasmi aliwaasa wazazi wawanyang'anye watoto simu na kompyuta, kwa hoja kwamba kuna magemu ambamo mtoto anaulizwa achague awe nani, naye anachagua kuwa mwizi, na anayejizoeza wizi usiku atauiba mchana. Watu walipiga makofi. Mgeni rasmi akapanda gari akaenda zake. Maneno ya mgeni rasmi, hata hivyo, hayakunjwi pamoja na maturubai. Hubaki kijijini, yakasubiri siku fedha zitakapopotea.

Sasa tuulize jambo ambalo mgeni rasmi hakuuliza: mwizi huyu wa kwenye gemu ni nani, na anafanya nini?

Kiswahili kina neno lake zuri, ayari. Siku hizi tunalitumia kwa maana ya laghai tu, lakini neno hili lilitokea mbali. Huko Baghdad ya enzi za Makhalifa wa Abbasi, maayari walikuwa makundi ya vijana wa mitaani waliochukuliwa na wengine kuwa wanyang'anyi na na wengine kuwa watetezi wa mitaa yao, na katika hadithi za Kiajemi ayari ni shujaa wa hila, mpenyaji wa ngome, mtu anayemwokoa mfalme kwa kupita dirishani baada ya jeshi kushindwa mlangoni. Mhusika huyo huyo, bila kujua ukoo wake, alizaliwa upya Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, gemu la mezani ambalo ndilo babu wa magemu haya ya mtandaoni; mwaka uliofuata, katika nyongeza iliyoitwa Greyhawk, ikaongezwa aina ya mhusika aitwaye mwizi. Baadaye akabadilishwa jina, akaitwa ayari, kwa sababu wachezaji wenyewe walikwisha kuona kwamba kuiba ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi yake.

Katika toleo la awali la World of Warcraft, lililotoka mwaka 2004 na kufufuliwa mwaka 2019, ayari hujengwa kwa pointi. Anapofika ngazi ya 60, ambayo ndiyo ya mwisho, atakuwa amepata pointi 51 za vipaji, basi. Hakuna rushwa wala mjomba wa kumwongezea ya 52. Kila pointi unayoiweka kwenye sumu za kupaka majambia, umeinyima kunyatia. Kila unayoiweka kwenye kunyatia, umeunyima upanga. Havai deraya, huvaa ngozi, kwa hiyo akishikwa uso kwa uso na jitu kubwa anakufa upesi. Pigo lake zito ni la kutokea nyuma, na ili awe nyuma lazima mwenzake awe mbele, amekinga ngao, anapokea makofi kwa niaba ya kundi zima. Kufungua kufuli nako kuna shule yake. Unaanza na visanduku vya kitoto, unapanda taratibu, kwa majuma, hadi kufikia alama 300. Mpwa wangu aliwahi kuniambia kwa simu, "Mjomba, leo nimefungua kufuli zaidi ya mia na sijapata kitu cha maana." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo maana ya kusomea ufundi.

Jambo ambalo ningependa kila mgeni rasmi alijue ni hili. Katika gemu hilo ayari anaweza kuchomoa vijisenti mfukoni mwa maharamia na majambazi wanaoendeshwa na kompyuta, lakini hawezi, kwa namna yoyote ile, kumwibia mchezaji mwenzake. Mlango huo haupo. Badala yake kuna desturi iliyo kinyume kabisa cha wizi. Mchezaji aliyeokota sanduku lililofungwa humtafuta ayari, mara nyingi mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua. Wanafungua dirisha la kubadilishana. Chini kabisa ya dirisha hilo kuna nafasi moja ambayo kitu kikiwekwa hapo hakihami mkono: mwenye sanduku analiweka, ayari analifungua, na sanduku linabaki la mwenyewe. Wengine hutoa bahashishi, wengine husema asante. Hiyo ndiyo kazi ambayo mpwa wangu alijisifia mbele ya wenzake, kuwafungulia watu masanduku yao wakitazama.

Je, wizi haumo humo? Umo, tena wa kutosha, na ndio unaonifanya nishike kalamu. Kundi la watu watano, au arobaini, linapoliua zimwi kubwa, zimwi huacha ngawira. Kila kifaa kikianguka, kila mchezaji huletewa vitufe viwili vikuu: kimoja maana yake "nahitaji", kingine maana yake "natamani tu". Wanaohitaji hurushiwa dadu kwanza, wanaotamani husubiri. Na kila mtu anaona kila mwenzake amebonyeza kipi. Nimehudhuria vikao vingi vya bajeti katika maisha yangu, na sijawahi kukutana na utaratibu wa uwazi unaokaribia huo. Anayebonyeza "nahitaji" kwa upanga ambao hata hawezi kuushika ana jina lake la aibu, na jina hilo humfuata mpaka anahama jamii ya wachezaji.

Lakini katika makundi makubwa vitufe hivyo huzimwa. Kiongozi huteuliwa kuwa mgawaji, ngawira yote hupitia mikononi mwake, na yeye huamua nani apewe nini. Wagawaji wengi ni waaminifu. Wizi mkubwa niliowahi kuushuhudia kwenye gemu, hata hivyo, ulifanyika hapo: watu 40 wamepigana saa tatu usiku kucha, mgawaji akajipa kifaa kimoja cha thamani, akampa rafiki yake kingine, akatoka kimya. Hakuwa ayari. Alikuwa askari mtakatifu, mwenye deraya inayong'aa na nyundo ya nuru, aina ya mhusika ambaye mgeni rasmi angemsifu kwa kumwita mfano wa kuigwa. Hakuvunja kufuli lolote, kwa kuwa tulikuwa tumemkabidhi ufunguo sisi wenyewe.

Turudi chini ya mti. Sanduku la kikundi, kama ilivyo kawaida ya vikundi hivi, lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti wasioishi nyumba moja. Ni utaratibu wa busara, uliobuniwa na watu wanaojua tabia ya fedha. Siku ya kikao sanduku lilikutwa na kufuli zote tatu nzima, bila mkwaruzo. Ndani fedha zimepungua. Mtu mwenye akili timamu angeanzia wapi? Angeuliza funguo zilikuwa kwa nani, na daftari la hisa linasemaje. Mkutano ulianzia kwa kijana anayejua kubonyeza kitufe cha kufungua kufuli la picha. Nilipopewa nafasi nilieleza kwamba kufungua kufuli kwenye kompyuta ni kungoja mstari ujae kwenye kioo, na kwamba kijana yule hajawahi kushika hata waya. Nilishukuriwa kwa mchango. "Daktari ametuelimisha," alisema mwenyekiti, na shauri likaendelea.

Simtuhumu mwenye ufunguo yeyote. Sijui fedha zilikwenda wapi. Ninachosema ni kwamba hawakuulizwa.

Kisha likasemwa neno lililonitia baridi. Mtu mmoja nyuma alisema, "Na macho yake mtazameni, mekundu kila asubuhi." Ni kweli, yalikuwa mekundu, kwa kuwa kifurushi cha usiku ndicho cha bei nafuu na kijana alikuwa akikesha. Lakini sisi watu wa Shinyanga, miongoni mwa watu wote wa Tanzania, tunathubutuje kulisema neno hilo hadharani? Ni katika ardhi hii hii ambapo bibi zetu waliuawa kwa mapanga, miaka nenda rudi, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yaliyokuwa yameungua kwa moshi wa kuni na samadi wakitupikia sisi. Tulizika, tukaandika tasnifu, tukafanya semina, na bado mtu anaweza kusimama kwenye mkutano akatoa rangi ya macho kama kielelezo, asikemewe.

Nitaambiwa kwamba nawadharau wazee na sungusungu. La hasha. Sungusungu ilizaliwa huku kwetu, upande wa Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha ulipokuwa umevishinda vyombo vya dola. Watu walipuliza filimbi, wakapiga mwano, wakashika pinde, wakarudisha usingizi vijijini. Mwalimu Nyerere aliiunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikaitambua. Ninajivunia historia hiyo. Lakini aliyeiba ng'ombe alifuatwa kwa nyayo za ng'ombe. Nyayo zilikuwa ndiyo hoja. Siku tutakapoacha kufuata nyayo tukaanza kufuata sifa, jeshi hilo la jadi litabaki na mabavu tu, bila ile akili iliyolipa heshima.

Tena Usukuma haukuwahi kuwa mahali pa kuogopa ufundi wa hatari kwa kuwa tu ni wa hatari. Tuna bayeye, wacheza na nyoka, wenye kujua sumu na dawa yake. Hakuna aliyesema kwamba anayejifunza nyoka usiku atawauma watu mchana. Ufundi wao uliwekewa chama, walimu, miiko na ngoma, na koboko akiingia ndani ya nyumba, mtu wa kwanza kuitwa ni myeye. Na watoto wa nchi hii tuliolelewa kwa hadithi za Sungura na Abunuwasi, tulipewa nani wa kumpenda kama si maayari? Sungura anamwibia Simba, anamdanganya Fisi, anatoroka kwa kumwambia adui ameshika mzizi badala ya mguu. Hatukutoka kwenye hadithi hizo tukiwa wezi. Tulitoka tukijua kwamba mwenye nguvu anaweza kushindwa, elimu ambayo, nadhani, haipendwi sana na wageni rasmi.

Naomba sasa nipanue uwanja kidogo, kwa sababu kosa la mkutano ule ni kosa la ukanda wetu mzima wa dhahabu. Kule Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000, kuna kitu kinaitwa magwangala: mawe yaliyokwisha kutupwa, ambayo wanavijiji huyaponda kutafuta chembe zilizosalia. Kijana anayeingia gizani kuokota magwangala anaitwa mwizi bila kigugumizi, na ananyatia kweli, anavaa kandambili badala ya deraya, na akishikwa uso kwa uso anaumia. Mwaka 2017 taifa zima lilijifunza neno lingine, makinikia, pale makontena 277 yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili ziliundwa, ya kwanza chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ya pili chini ya Profesa Nehemiah Osoro, na ubishi ukaisha kwa mapatano ya dola milioni 300 na kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16. Sitaki kufufua hapa ubishi wa nani alisema kweli kuhusu kiasi cha dhahabu kilichokuwa ndani. Nataka msomaji aone jambo moja tu: ubishi wote ule, wa mabilioni, ulihusu makontena yaliyofungwa kwa lakiri halali, yenye nyaraka, sahihi na mihuri. Swali lilikuwa nani amekabidhiwa ugawaji, kwa mkataba upi, na nani aliona alichobonyeza. Wa magwangala hakuwamo katika swali hilo. Lakini ukisema "mwizi wa dhahabu" kwenye basi la Kahama kwenda Geita, abiria wote watamfikiria yeye.

Kuna unafiki mwingine nisioweza kuunyamazia. Mgeni rasmi aliyelaani gemu la hadithi hakusema neno kuhusu kubeti. Katika senta zetu ndogo, zisizo na maktaba hata moja, kuna mashine za kutumbukiza sarafu na kuna vijana wanaopanga mikeka kuanzia asubuhi. Hiyo ina leseni, ina bodi, inalipa kodi, inadhamini mpira. Ayari wa mpwa wangu alimfundisha kwamba alama 300 hupatikana moja moja; mkeka humfundisha kwamba hupatikana Jumamosi. Ni upi kati ya hiyo miwili ungetegemea umlete kijana mbele ya sanduku la fedha za kina mama akiwa na dhiki ya kulipa deni?

Wazazi wanaolalamika wana haki katika jambo moja. Gemu hula usiku. Lilinila mimi: sura ya tatu ya tasnifu yangu ilichelewa muhula mzima, na msimamizi wangu hadi leo anaamini nilikuwa naumwa. Kijana aliyekesha hawezi kulima, na dada yangu alikuwa sahihi kugomba. Hilo ni suala la saa na usingizi, linazungumzika baina ya mzazi na mtoto bila kuitisha mkutano wa kijiji. Kuligeuza kuwa suala la wizi ni kukwepa kazi mbili kwa mpigo, ya kulea na ya kukagua hesabu.

Kwenu watumishi wa umma mnaoalikwa kwenye mahafali: mnaposimama mbele ya watu wanaowaamini, msitoe hukumu juu ya kitu ambacho hamjawahi kukiona. Ombeni mtoto awaonyeshe. Kaeni naye nusu saa. Mwulizeni kwa nini amemchagua ayari na si askari. Wengi watawajibu kama alivyonijibu mpwa wangu: kwamba askari anahitaji deraya ya bei kubwa, na ayari anaweza kuanza na jambia moja.

Mkutano uliamua familia ilipe. Dada yangu aliuza mbuzi watatu na magunia mawili ya mpunga, kwa sababu adhabu ya kutolipa ni kutengwa, na mjane hawezi kuishi akiwa ametengwa. Hapati moto wa jirani wala mtu wa kumsaidia kuzika. Kijana alipigwa, si sana, walisema. Wiki mbili baadaye aliondoka. Yuko Geita, machimbo ya Nyarugusu, anashuka kwenye duara kwa kamba. Kompyuta aliiacha kwa mama yake ikiwa imefunikwa kitambaa.

Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, mtandao ukikatika. Hakuuliza habari za kesi. Aliuliza kama bado nalipia ada, na kama ayari wake hajafutwa. Nikamwambia yupo, nimemwacha mahali alipomwacha, kwenye ngazi za benki mjini, pale watu wenye masanduku hupita. Akasema, "Basi mjomba, wakija wafungulie."

Nimekuwa nikiwafungulia. Huko Samuye kikundi kinaendelea kukutana kila wiki. Sanduku ni lilelile, na funguo tatu ziko kwa watu walewale watatu.